Marihot Pangaribuan na Samaki wa Shemeji Yake

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu wa ukoo wa Pangaribuan, wakwe zetu wa ukoo wa Sianipar kutoka Balige, mlio ndani ya hema na mliochagua kubaki nje barabarani, majirani wa Laguboti na wote mliowahi kusimama foleni kwenye mashine yake na gunia la mpunga begani, familia imempa mdogo wa marehemu kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa marehemu mwenyewe aliacha masharti ya namna ya kuyasoma, yatasomwa kama alivyotaka, kwa sauti ya mashineni, bila kuruka mahali.

Marehemu Marihot Pangaribuan alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika kijiji cha Lumban Dolok, nje kidogo ya Laguboti, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mzee Jaulim Pangaribuan na mama Sondang wa ukoo wa Hutapea, ambao wote wawili wametangulia. Ilikuwa wakati wa mavuno, mama alishikwa na uchungu shambani, na bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto alilia kwa sauti iliyowafanya wavunaji wa shamba la pili waweke mundu chini wasikilize, na sauti hiyo hakuipunguza mpaka mwaka huu.

Alianza shule ya msingi hapa Laguboti mwaka 1970, akaimaliza mwaka 1976, akaingia sekondari, na mwaka 1979, kabla hajamaliza, baba yetu alifariki kwa tumbo lililovimba, ugonjwa ambao siku zile haukupewa jina, na leo tukiangalia nyuma tunaona yawezekana jina lake ni lile lile lililotukusanya hapa. Marehemu aliacha masomo ili wadogo zake wasome, wala hakuwahi kumkumbusha hata mmoja wao, na ukimshukuru alikuwa anakufokea.

Mwaka 1980 aliingia kazini kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya baba yetu mdogo, na mwaka 1994 akafungua ya kwake, ile mnayoijua karibu na daraja, na muda wote huo kazi yake ilikuwa na sheria moja, kwamba kilichoingia na mtu kinatoka na mtu, mchele, chenga na pumba, hadi anafagia chini ya mashine mbele ya macho ya mwenye gunia. Mwenye mashine mwingine, hatajwi jina kwa sababu amekaa hapa, alipata kumwambia, “Marihot, hizo ni pumba tu, nani atazikumbuka?” naye akamjibu, “Kuku wake atazikumbuka.” Kwa kukaa miaka arobaini na zaidi kando ya injini alizoea kusema kwa kupiga kelele hata mezani, hata hospitalini, na kwaya ya wanaume ya kanisa hili, aliyojiunga nayo mwaka 1985, ilipata besi ambayo haikuhitaji kipaza sauti.

Ndoa yake ilitokea mashineni pia. Mwaka 1990 alifika kijana wa Balige, Pardomuan Sianipar, na magunia ya kwao na dada yake Tiamsa, akaangalia mchele unavyotoka, akaanza kulalamika kwamba mashine inavunja punje, na marehemu akamwambia, “Mashine hii haivunji kitu, bwana, ni wewe uliyeuanika mpunga kwenye jua kali mpaka ukapasuka, kama huamini muulize huyo dada yako,” na dada mtu, aliyekuwa amekaa juu ya gunia anapigwa na vumbi, akasema, “Kweli, nilimwambia.” Marehemu alikuwa akisema kwamba kwa maneno mawili hayo alijua ataoa wapi. Walifunga ndoa tarehe 22 Juni 1991 kanisani Balige, na kuanzia siku hiyo Pardomuan akawa ukweni kwetu, na mnajua sote maana yake, kaka wa mke habishiwi mbele ya watu, na samaki anayemleta, mzima kichwa hadi mkia, ni baraka, anayemkataa amejikatia riziki.

Ila hawa wawili wakifika kwenye duka la tembo la mgema walisahau mwiko huo, wakabishana kama watoto wa shule. Pardomuan alipenda kusema, “Nilikupa dada yangu bure, na bado mchele wangu unatoka chenga,” naye marehemu alimjibu, “Bure? Nguruwe uliyemla siku ya harusi alikuwa wa baba yako?” na watu walivuta viti karibu, kwa sababu hakuna redio iliyokuwa tamu kama wao. Hilo liwekeni akilini.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Rotua aliyezaliwa mwaka 1992, ambaye kwa jina lake sote tulimwita marehemu Baba Rotua, kisha Togar mwaka 1995, na Lamria mwaka 2001. Rotua ameolewa, wadogo zake bado, na mjukuu hajazaliwa, na kwetu ngoma hupigiwa aliyeacha wajukuu, ndiyo maana leo hamsikii ngoma wala hamwoni mtu anacheza, marehemu ameondoka kabla ya zamu yake na sisi tunamlilia hivyo.

Sasa kuhusu ugonjwa, na hapa naomba mtulie, hata nyie mlio kwenye meza za karata.

Katikati ya mwaka 2021 marehemu alianza kuona damu chooni, akajiambia ni bawasiri, akanywa majani machungu ya kila aina na hakumwambia mtu, mpaka mama Rotua alipoiona kwenye nguo akifua na kumwuliza, “Baba Rotua, hii ni nini?” akajibu, “Pilipili,” mama akasema, “Pilipili gani ina rangi hii?” naye akasema, “Ya kaka yako ina kila rangi.” Mama Rotua hakucheka, alimpeleka Pematangsiantar kwa nguvu mwezi Januari 2022, wakapitisha kamera, wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana, chini kabisa, karibu na njia ya haja, na kipande walichokata kilionyesha saratani. Kutoka hapo alipelekwa hospitali kubwa ya Medan, kwa daktari wa upasuaji Nurhaida Lubis, mwanamke mfupi asiyepaza sauti, na mtu wa mashine akakutana na mtu wa kunong'ona.

Daktari alimweleza yote, mama Rotua akiwa amekwenda kununua chakula. Alimwambia kwamba kipande chenye ugonjwa kitakatwa na ncha mbili za utumbo zitaunganishwa, kwamba mshono wa chini kiasi kile kwa baadhi ya wagonjwa huachia hata ukishonwa na mikono mizuri namna gani, kwamba kwa mtu aliyevuta sigara za karafuu miaka thelathini hatari inaongezeka, na kwamba angependa kumtobolea tundu la muda tumboni, choo kipite kwenye mfuko miezi michache, ili mshono upumzike upate kushika. Marehemu alisema hapana. Alisema, “Daktari, mimi nasimama mbele ya kanisa kila Jumapili, nitaimba besi na mfuko wa choo kiunoni?” Daktari akamwambia, “Baba, wapo wanaoimba,” naye akasema, “Wao, si mimi,” akatia sahihi kukataa tundu, na mke aliporudi na wali akaambiwa kila kitu kiko sawa.

Alipasuliwa tarehe 8 Februari 2022, na siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri, akakaa, akatania wauguzi, akawaambia wodi yao imepoa kama kanisa la siku ya kazi. Tarehe 11, jioni, alianza kutetemeka kwa baridi chini ya blanketi, na hakusema. Asubuhi ya tarehe 12 walikuja kumtoa damu ya kupima kama kawaida, na saa tano hivi akafika shemeji yake Pardomuan, ametoka Balige kabla ya kupambazuka, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, na ndani yake samaki wa ziwani aliyepikwa na magamba yake, manjano, na ile pilipili yetu ya porini inayotia ulimi ganzi. Muuguzi alimzuia mlangoni, akasema mgonjwa anakunywa uji mwepesi tu, Pardomuan akamwambia, “Mwanangu, sikuleta chakula, nimeleta baraka,” muuguzi akasema, “Baraka yako ina miiba, baba,” wodi nzima ikacheka, na kwa kucheka huko akaachiwa apite. Akamgeuzia shemeji yake kichwa cha samaki kama inavyotakiwa, akamwombea, na marehemu akachukua kipande kidogo cha nyama ya shavuni, hakikuzidi ukucha wa kidole gumba, akala.

Usiku ule tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Majibu ya damu ya asubuhi yalikuwa yamerudi jioni na yalikuwa mabaya, na alfajiri ya tarehe 13 walimrudisha chumba cha upasuaji, wakakuta mshono umeachia na uchafu umemwagika tumboni, wakamsafisha, wakamtoboa tundu lile lile alilolikataa, na safari hii hakukuwa na wa kumwuliza. Alilala chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ikimpumulia, mtu aliyekuwa na pumzi za watu watatu, na alipotoka huko kidonda cha tumbo kikatunga usaha, kikafunguliwa, kikawa kinaoshwa kila siku kikiwa wazi. Alirudi nyumbani tarehe 20 Machi akiwa mifupa, na zile dawa za saratani za mshipani zilizotakiwa kuanza mapema zilianza Juni, kwa sababu huwezi kummwagia sumu mtu mwenye tumbo lililo wazi, na daktari hakutuficha kwamba kuchelewa huko kunaweza kuja kudai chake.

Na samaki je? Alfajiri ile ile, kwenye varanda ya hospitali, Pardomuan akiwa bado ameshika sufuria, shangazi yetu mmoja alimwambia mbele ya watu, “Umeleta baraka au umeleta jeneza?” naye aliiweka sufuria sakafuni, akashuka ngazi, na kuanzia siku ile hakukanyaga tena nyumba ya dada yake. Kabla mgonjwa hajafumbua macho maneno yalishafika Laguboti, yakakaa kwenye duka la tembo, yakaingia mpaka barazani kwa kanisa, kwamba samaki wa Balige ametoboa utumbo wa Marihot. Mliyasema. Msitazamane, mliyasema, na wengine mliyasema juzi mkifunga kamba za hema hili.

Marehemu aliyakana tangu siku alipopata sauti. Alisema samaki hana kosa, na watu wakatikisa vichwa, wakasema, tazameni mtu anavyoheshimu ukweni. Akasema tena, wakamsifu tena. Kila alipoitoa kweli waliipokea kama adabu, kwa sababu kwetu mtu hawezi kumlaumu kaka wa mke hata akimchoma moto, basi akimtetea nani atamwamini, mpaka siku moja akapiga meza pale dukani tembo likamwagika, akafoka, “Mimi lini mmeniona na adabu?” na hata hapo mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba maumivu yamemzidi, maskini.

Mwezi Agosti 2022 alikwenda Balige mwenyewe, na mfuko wake kiunoni, akabisha mlangoni kwa shemeji yake, na kutoka nyuma ya jiko ikasikika sauti ya Pardomuan ikiwaambia watoto, “Mwambieni nimekwenda Porsea,” marehemu akapaza ya kwake, “Basi huyo aliyekwenda Porsea mwambieni amesahau sauti yake nyumbani!” Watoto walicheka, mwenye nyumba hakutoka. Marehemu alikaa kwenye benchi la nje mpaka mfuko ulipojaa, akaomba maji, akausafisha, akarudi Laguboti bila kuonana naye, na jioni ile hakula. Mama Rotua anasema katika ugonjwa wote, pamoja na kisu na dawa zilizomtoa ngozi ya viganja, hapo ndipo alipomwona analia.

Isidhaniwe kwamba miaka hiyo ilikuwa ya kulia tu. Alirudi kwaya Oktoba 2022, na Jumapili ya kwanza, katikati ya sala ya kimya, mfuko ukatoa mlio ambao hata walioko nje waliusikia, watoto wakafukia nyuso kwenye vitabu vya nyimbo, na marehemu akasema, “Amina,” kwa besi, na mchungaji mwenyewe alishindwa kuendelea. Baada ya hapo hakuona haya tena. Alikuwa akiwaita wanaume pembeni mashineni, anafunua shati, anawaonyesha tundu, anawaambia, “Ukiona damu, usiseme pilipili,” na wawili kati yao walikwenda kupimwa, na mmoja alikatwa uvimbe mdogo mapema, akakubali mfuko kwa miezi mitatu, tundu likafungwa, ni mzima, amekaa pale safu ya tatu na anajijua. Sisi ndugu zake wa tumbo moja tumepimwa wote kwa amri yake, na watoto wake watapimwa, hilo si ombi.

Mwezi Novemba 2023, wakati daktari akipanga kulifunga lile tundu, picha zilionyesha ugonjwa umeingia kwenye ini na mapafu. Alipewa dawa tena, zikamwangusha zaidi ya zilivyouangusha ugonjwa, na Aprili mwaka huu 2024 alisema basi, akarudi nyumbani.

Mwezi Mei alituita kitandani, mkewe na mimi mdogo wake, akatuambia tumpigie daktari Nurhaida, simu iwekwe sauti ya juu, akasema, “Daktari, mimi wakwe zangu nikiwatetea naambiwa nina adabu, wewe huna ukwe na mtu hapa, sema.” Daktari akasema, kwa ile sauti yake ndogo, na sote watatu tuliisikia, kwamba mshono ulikuwa umeanza kuachia kabla ya samaki, kwamba damu iliyotolewa asubuhi ile, mgeni akiwa bado njiani, ilishaonyesha sumu mwilini, na kwamba kipande kile cha samaki hakikuwa hata kimefika kwenye mshono tumbo lilipoharibika. Marehemu akasema, “Maliza, Daktari, na la tundu.” Daktari akasema kama mgonjwa angekubali tundu tangu mwanzo, mshono pengine ungeachia vilevile, lakini usingemwangusha namna ile.

Ndipo mama Rotua, aliyekuwa anayasikia hayo kwa mara ya kwanza, alipomwuliza, “Ulikataa nikiwa nimekwenda kununua wali?” akasema ndiyo. “Na ulitetemeka tangu jioni?” akasema ndiyo, “nilijua kaka yako anakuja, sikutaka anikute nimefunikwa gubigubi kama maiti, angegeuza gari.” Mama Rotua akasema, “Mjinga wewe,” akamshika mguu, na hakuuachia mpaka alipolala. Marehemu aliagiza haya yasomwe leo, mbele ya wote, siku ambayo hakuna mtu atakayeweza kumsifia adabu, kwa sababu maiti haina ukwe wa kuogopa.

Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa mbili asubuhi, kengele ya kanisa ikiwa inapigwa, mkewe na watoto wote watatu wakiwa karibu naye, akiwa na umri wa miaka sitini na moja. Ameacha mjane, watoto watatu, mkwe mmoja, ndugu wanne na mashine moja inayofanya kazi.

Familia inamshukuru daktari Nurhaida Lubis na wenzake, waliomshona mara mbili na kumwambia kweli kila mara, wauguzi wa wodi ile waliovumilia sauti yake, muuguzi wa zahanati aliyekuja kuosha kidonda hata mvua ikinyesha, majirani waliotuletea kuni na mboga, wafanyakazi wa mashine ambao hawakuizima hata siku moja, na kwaya ya wanaume, ambayo leo itaimba na pengo upande wa besi na imesema haitaliziba.

Limebaki moja. Jeneza halijafungwa, na mjane bado yuko kichwa wazi, kwa sababu ulos ya ujane, ile shuka ya kufumwa anayofunikwa kichwani, haitoki kwetu, inatoka kwa kaka yake, na kaka yake amesimama tangu asubuhi upande wa pili wa barabara, ameikunja ulos ndani ya mfuko wa nailoni, anajifanya anaongea na dereva wa lori. Shemeji Pardomuan, safari hii huwezi kusema umekwenda Porsea. Shangazi yule wa varandani amesimama mlangoni na amekuachia kiti chake, ndivyo anavyoomba radhi, hajui namna nyingine. Vuka barabara, uingie, umfunike dada yako, na utakapokuja tena baada ya maziko kumfunua na kumwosha uso, kama desturi ya kumaliza kilio, uje na samaki mzima, umgeuzie kichwa, nasi tutakula naye, kwa maana marehemu alisema yule wa Medan alikuwa mtamu, ila pilipili ilizidi.

Kaka, mashine imezimwa kwa leo, huna haja tena ya kupaza sauti, tumekusikia. Pumzika kwa amani.